Mwendesha baiskeli apewe sehemu yake ya barabara

Asubuhi ya Tanga huanza na kengele. Kabla jua halijapanda, baiskeli zimeshatapakaa Ngamiani, ambako mitaa huitwa kwa namba: Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu na kuendelea. Mama aliyevaa baibui anawahi sokoni, kijana amempakia mdogo wake kwenye keria akimpeleka shule, mzee anarudi kutoka msikitini bila haraka. Mji ni tambarare na safari ni fupi. Ndiyo maana kwa miaka mingi Tanga imejulikana kuwa mji wa baiskeli, kwa wanaume na wanawake.

Raha yake wanaijua wanaoipanda kila siku. Ni upepo wa bahari usoni mtu akielekea Raskazone. Ni kumwona jirani, kusimama, kujuliana hali na kuendelea na safari. Ni nauli inayobaki mfukoni ikanunua unga. Dar es Salaam, muuza madafu huizungusha biashara yake yote mitaani juu ya magurudumu mawili. Shinyanga, abiria hupanda baiskeli za daladala. Hata neno bodaboda, ambalo leo ni la pikipiki, lilitokana na baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, pande za Busia.

Lakini raha hiyo ina gharama, na anayeilipa ni mwili.

Anayeendesha baiskeli kila siku anajua ganzi ya vidole viwili, kidole cha mwisho na cha pete, baada ya safari ndefu. Sababu yake ni mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja, ambao hubanwa uzito wa mwili ukilalia usukani. Ganzi ya makalio na mapaja hutokana na siti iliyochoka au iliyoinama vibaya. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi huletwa na siti iliyo chini mno, kwa hiyo goti hukunjwa kupita kiasi kila pedeli inapozunguka.

Dawa ya hayo ni spana. Mtu akae kwenye siti, aweke kisigino juu ya pedeli iliyofika chini kabisa: mguu unyooke. Usiponyooka, siti ipandishwe. Ni kazi ya dakika chache kwa fundi yeyote aliyekaa chini ya mwembe na pampu yake, solusheni na kopo la gololi.

Kuna jeraha jingine ambalo wauguzi wengi wanalifahamu: mtoto aliyepakiwa kwenye keria, mguu ukaingia kwenye spoki za gurudumu la nyuma. Ngozi ya kisigino huchunika, na wakati mwingine mfupa huvunjika. Hutokea kwa kufumba na kufumbua, huku aliyembeba akitazama mbele. Kinga ya spoki na kipande cha kukanyagia miguu vinatosha kuliepuka. Kanga nayo ifungwe vizuri na cheni iwe na kifuniko, maana nguo ikinaswa humwangusha mwendeshaji papo hapo. Wakati wa masika, rimu za chuma zikilowa breki hushika kwa shida, hivyo mwenye mzigo anapaswa kuanza kufunga breki mapema kuliko siku za jua.

Yote hayo yamo ndani ya uwezo wa mwendeshaji na fundi wake. Kinachoua zaidi hakimo. Hakuna spana inayoweza kumwondoa mtu mbele ya lori barabara isipokuwa na nafasi yake.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inaonyesha kuwa waendesha baiskeli wapatao 71,000 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, ongezeko la karibu asilimia 20 tangu 2010. Ripoti hiyohiyo inasema ni asilimia 0.2 tu ya barabara za dunia zenye njia za baiskeli. Takwimu hizo mbili zisomwe pamoja. Anayelazimishwa kuchagua kati ya lami yenye magari ya kasi na ukingo wa mchanga na mashimo hajapewa chaguo lolote.

Dar es Salaam ilionyesha kuwa mambo yanaweza kufanywa tofauti. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Mei 2016, Barabara ya Morogoro ilikuwa imejengewa pia njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Mwaka 2018 jiji lilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, la kwanza Afrika kuipata. Hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, njia ya baiskeli iliyogeuzwa maegesho ya bodaboda au mahali pa kupanga meza za biashara humrudisha mwendeshaji kulekule alikotolewa, katikati ya magari. Kujenga ni nusu ya kazi. Kuilinda njia ni nusu ya pili, na machinga watengewe eneo lao ili ulinzi huo usiwe wa kuwanyang'anya riziki.

Wapo wanaosema njia za baiskeli ni anasa ya Ulaya. Historia haikubaliani nao. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani Uholanzi, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Wazazi waliingia mitaani kudai vifo hivyo vikome, na miji ikaanza kubadilisha barabara zake. Njia ambazo wageni huzisifu leo zilidaiwa na raia waliochoka kuzika.

Halmashauri za miji yetu hazihitaji kusubiri fedha za mradi mkubwa. Zianze na barabara moja tu, ile inayopita kwenye shule na soko: njia ya baiskeli itenganishwe na magari kwa ukingo, mtaro ufunikwe, taa ziwake usiku, na mwendo wa kilomita 50 kwa saa uliowekwa kisheria kwenye makazi usimamiwe. Na dereva anayesoma makala haya, kesho akimkuta mbele yake mzee mwenye baiskeli iliyosheheni nazi, asimpigie honi. Apunguze mwendo, amwachie mita moja na nusu, ndipo ampite.