Ordinatere ya bei chini: Kasongo na Kabambare, batri kwanza

Mzazi anauza mchele wake apate ordinatere ya mtoto, na swali lake la kwanza ni bei. Kusini mwa Maniema, swali la umeme lingetangulia. Nyumba nyingi zinategemea plaki ya jua ao genereta ya jirani.

Masomo hayangoji. Tangu 2018, programu mpya ya sayansi imeingiza TIC katika mwaka wa 7 na wa 8. Shule isiyo na mashini, kibodi inabaki mchoro wa ubaoni.

Mashini za bei chini ni zile zilizokwisha kutumiwa, na mara nyingi batri imechoka: ukichomoa chaja tu, inazimika. Mwenye umeme wa kudumu anavumilia. Huku, ni dola zimetupwa. Chaja yake inakula wati 45 hadi 65. Ya simu ya kawaida, 5 ao 10. Plaki ya wati 20, ile ya taa na simu, haitaiweza. Basi mbele ya kulipa, chomoa chaja, acha mashini itumike nusu saa, kisha soma asilimia iliyobaki. Muuzaji akikataa, ondoka.

Diski nayo: ile inayozunguka inaogopa mtikisiko wa pikipiki kwenye njia ya Kabambare. Chukua SSD, hata ya gigabaiti 128. RAM isiwe chini ya 4.

Na intaneti? Kiwix inafungua Wikipedia bila mtandao. Afadhali ipakuliwe Kindu, mashini ingali huko.