Amende ya kwanza ya kijana: papa aache kumpigia simu mkubwa wa polisi

Kijana wa Lubumbashi akisimamishwa na roulage kwa sababu ya mwendo wa kasi, simu ya kwanza anayopiga ni ya papa. Simu ya pili anaipiga papa mwenyewe: kwa komanda anayemfahamu, kwa shemeji anayefanya kazi kwenye ofisi ya jimbo, au kwa rafiki waliyesoma naye ambaye leo ni mkubwa. Baada ya dakika kumi askari anarudisha permi kupitia dirishani, anapiga saluti, gari linaondoka. Nyumbani watu wanacheka. Mama anasema Mungu ni mwema. Hakuna anayeuliza gari lilikuwa linakwenda kilomita ngapi kwa saa.

Jambo hili linarudi kila mwaka matokeo ya Examen d'État yanapotoka. Vijana wanamwagiwa unga mweupe kichwani, wanapanda kwenye magari ya wazazi, wengine wanakaa juu ya milango na miguu ndani, honi zinalia kutoka Bel-Air hadi katikati ya mji. Nani atakataza furaha ya mtoto aliyemaliza miaka sita ya sekondari? Wiki chache baadaye, yule mwenye bahati ametimiza miaka 18, amepata permi, na gari la papa limekuwa kama lake. Hapo ndipo amende ya kwanza inapomkuta.

Amende hiyo ni somo la bei ndogo kuliko yote ambayo barabara inaweza kumpa. Anayeizima kwa simu anamnyima mtoto wake somo hilo, na barabara italirudia siku nyingine kwa bei yake.

Hesabu yenyewe si ngumu, mtoto aliyepita Examen d'État anaiweza. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari linapita karibu mita 14 kila sekunde. Kwa kilomita 80, linapita mita 22. Dereva akiona kitu mbele yake, inapita kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki, na katika sekunde hiyo gari halijapunguza chochote. Halafu kuna nguvu ya kugonga: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo inaongezeka mara nne. Shirika la afya duniani, OMS, linaeleza kwamba mtu wa miguu akigongwa na gari, hatari ya kufa inapanda mara 4,5 kati ya mwendo wa kilomita 50 na ule wa kilomita 65 kwa saa. Kilomita 15 tu. Kijana anaziongeza bila kuzihisi wimbo ukibadilika kwenye redio.

Sasa hesabu hiyo ipelekwe kwenye barabara ya Kasenga asubuhi, au ile ya Kipushi. Pale kuna wanaume wanaosukuma baiskeli zenye mifuko ya makala mirefu kuliko wao wenyewe, na hawawezi kuruka pembeni. Kuna wanafunzi wenye shati jeupe wanaotembea kwenye ukingo wa lami kwa sababu hakuna njia ya miguu. Kuna malori ya migodi, na vumbi la mwezi wa saba linaloficha kila kitu. Usiku taa za barabara ni chache. Zaidi ya hapo, magari mengi ya mji huu yana usukani upande wa kulia, na Congo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva anayetaka kupita lori haoni kinachokuja mpaka atoe nusu ya gari kwenye njia ya wengine. Mtu mwenye miaka ishirini ya usukani analijua hilo na anasubiri. Mwenye miezi miwili hasubiri.

Ripoti ya OMS ya 2023 inasema watu milioni 1,19 hufa kila mwaka kwenye barabara za dunia, na kwamba ajali hizo ndizo sababu ya kwanza ya vifo kwa watu wa miaka 5 hadi 29. Si malaria wala SIDA. Mzazi anayempeleka mtoto hospitalini usiku kwa sababu ya homa, na kesho yake anacheka kwamba roulage imemwachilia baada ya kukimbiza gari, amekosea kupima hatari.

Wazazi wana jibu, na jibu lao lina uzito. Wanasema: amende gani? Askari yule anatafuta chakula cha watoto wake. Hana radar, hana karatasi, ana filimbi na mkono ulionyooshwa. Anaingia kwenye gari bila kuitwa, anakaa kiti cha mbele, anasema "tuzungumze vizuri". Yote hayo ni kweli na kila mkaaji wa Lubumbashi ameyaona. Utafiti wa vyuo vikuu uliotolewa 2022 juu ya polisi wa barabarani wa Kinshasa ulionyesha kwamba wakubwa wanawapangia askari idadi ya magari ya kuleta kituoni, na kwamba mpango huo ndio unaozalisha sehemu kubwa ya pesa zisizo halali. Watafiti waliona pia kwamba ugomvi kati ya askari na madereva unaharibu kazi ambayo askari wamewekwa kuifanya. Mtu aliyepangiwa idadi ya magari hatazami nani anakimbia. Anatazama nani ana pesa.

Lakini hapa maswali mawili yamechanganywa, na kijana ndiye anayepotea katikati. La kwanza: askari ni mwaminifu? La pili: kijana alikuwa anakimbiza gari? Jibu la swali la kwanza halifuti la pili. Papa anayeanza kulaani polisi mbele ya mtoto kabla ya kumuuliza mwendo wake amemfundisha kwamba kosa ni la yule aliyemkamata.

Basi simu ikilia, swali la kwanza liwe hilo la mwendo. Liulizwe kwa sauti ya kawaida, kwa sababu kijana anayetukanwa kwenye simu mbele ya askari atadanganya, na askari anayesikia papa anapiga kelele anapandisha bei. Kama mtoto anasema hakukimbia, na askari hana chombo chochote cha kupima, ana haki ya kusema hivyo kwa heshima na kuomba maelezo yake yaandikwe. Kama anakiri, kazi imekuwa nyepesi: aombe PV, yaani karatasi inayoandika kosa, mahali, saa na jina la askari. Amende ya serikali ina bei iliyoandikwa kwenye amri ya serikali, na pesa yake inapita kwa DGRAD na benki. Noti inayoingia kwenye kofia ya askari haina njia hiyo.

Ukweli usemwe: njia hii ni ghali kuliko ile nyingine. Askari ataudhika. Atasema gari liende fourrière. Siku nzima inaweza kuishia kwenye benchi la kituo, na mwisho wa yote amende yenye karatasi inaweza kuzidi mara kadhaa ile iliyokuwa inaombwa dirishani. Kuna familia ambazo hazina siku ya kupoteza, na ni vigumu kumlaumu mama anayeuza sokoni Kenya akiamua kumaliza jambo haraka. Ila familia zinazompa mtoto wa miaka 18 gari mara nyingi si hizo. Zenyewe zina muda na pesa. Kinachokosekana ni uvumilivu wa kumwona mtoto wao amekaa kwenye benchi.

Papa aende kituoni, ndiyo. Asimwache mtoto peke yake pale. Lakini akae nyuma kidogo, amwachie kijana aeleze mwenyewe, asome PV mwenyewe kabla ya kutia sahihi, aende benki mwenyewe. Na pesa itoke kwa kijana. Kama hana, awe na deni nyumbani: aoshe gari kila Jumamosi, apunguziwe megabaiti za simu, amsaidie shangazi dukani. Funguo zirudi kwenye mfuko wa mzazi kwa mwezi mmoja, halafu mwezi wa pili aendeshe mzazi akiwa pembeni. Fimbo na matusi havifundishi breki.

Kuna jambo ambalo wazazi hawapendi kulisikia. Mtoto hakujifunza kukimbiza gari kwa rafiki zake tu. Alikaa kiti cha nyuma miaka kumi akimtazama papa akipita malori kwenye barabara ya Likasi huku anajibu WhatsApp. Na permi yenyewe wengi hawakuipata kwa mtihani. Mtu aliyelipa ili asikae kwenye auto-école asishangae mtoto akidhani na mwendo unalipiwa.

Wale wasiotimiza miaka 18 ni kesi nyingine kabisa, kwa sababu hapo mwenye kosa la kwanza ni aliyetoa funguo. Mtoto chini ya umri huo akigongana na sheria anaangaliwa kwa sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, mbele ya mahakama ya watoto. Hilo linawapa wazazi usingizi: "hawatamfunga". Hawajasoma upande wa pili. Kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, kifungu cha 260, kinawafanya wazazi wajibu kwa madhara yanayoletwa na watoto wanaoishi nao. Bima nayo ina sababu nzuri ya kukataa kulipa ikisikia dereva hakuwa na permi. Familia ya aliyegongwa itabisha hodi kwenye nyumba ya papa, na nyumba hiyo inaweza kuuzwa.

Nchi jirani haziko mbali na swali hili. Ng'ambo ya Kasumbalesa, Zambia imeweka kamera za mwendo kwenye barabara kuu, na Wakongomani wanaokwenda Ndola au Kitwe wanapunguza mwendo pale bila kuambiwa, watu wale wale wanaokimbia wakirudi upande huu. Ufaransa, ambako ndugu wengi wanaishi, dereva mpya anaanza na pointi 6 kwenye permi badala ya 12, na kwenye barabara kuu haruhusiwi kufika kilomita 130 kama wengine, anaishia 110. Kamera haina shemeji.

Congo ina sheria ya barabara tangu tarehe 30 mwezi wa nane 1978, sheria namba 78-022. Polisi wa Haut-Katanga wangeweza kuanza na vitu vidogo: bei za amende zibandikwe kwenye kila kituo na zisomwe redioni kwa Kiswahili, radar chache ziwekwe barabara ya Likasi na ya Kasumbalesa, na askari asiye na kitabu cha PV asisimamishe gari kwa mwendo. Siku hiyo mzazi atakosa kisingizio.

Kabla ya hapo matokeo ya Examen d'État yatatoka tena, na unga utamwagwa. Yule atakayeshika usukani siku hiyo achaguliwe asubuhi, awe mtu mzima, na asimwagiwe kitu: unga huo unaingia machoni.