«Hadi mega 20» si ahadi: tupime intaneti tunayolipia

Wandugu raia, vijana wa Lubumbashi, Bukavu, Kisangani, Kolwezi, Kalemie na kwingine kote,

Mama wa sokoni akikuuzia bidoni ya mafuta ya litra 20, kiisha ufike nyumbani ukute litra 5, utarudi naye ataeleza mbele ya watu wote. Hakuna mtu atamuachilia ajibu: «Mimi nilisema hadi litra 20.» Lakini intaneti ya nyumbani tuko tunauziwa vile kila mwezi. Kwenye bango wanaandika «hadi mega 20», na tunalipa kwa dola, mbele ya kutumia. Saa ya jioni video ya somo inazunguka tu. Ukipiga simu, ajenti anasema: zima modemu, washa tena.

Tumechoka kuzima na kuwasha. Tunasema wazi: neno «hadi» limewekwa pale ili sosiete isidaiwe kitu. Hata wakikupa mega 1, wamebaki ndani ya «hadi mega 20». Bei peke yake njo haina «hadi». Hakuna anayeruhusiwa kulipa «hadi dola 50».

Tuelewe kwanza hesabu yenyewe, juu wanatushinda pale. Mega za kwenye bango ni megabiti kwa sekunde. Fichie unayopakua inahesabiwa kwa megaokteti, na okteti moja ni biti 8. Kwa hiyo mega 20 za kweli zinaleta megaokteti 2,5 kwa sekunde. Fichie ya giga 1 inapaswa kuingia karibu dakika 7. Kama kwako inachukua saa nzima, ujue unapata mega 2 na kidogo, na unalipia 20.

Watajibu kwamba ni wifi yako, ni ukuta wa nyumba, ni umeme, ni majirani wengi saa ya jioni. Ukuta unapunguza wifi, ni kweli. Njo maana tunapima kwa waya. Lakini habari ya majirani wengi, hapo tunakataa. Antena moja inagawanya uwezo wake kwa wote walioungwa nayo. Nani aliamua kuunga watu wengi kupita uwezo huo? Ni yule aliyeuza. Hawezi kula pesa ya watu mia, kiisha alaumu wale watu mia kuwa ni wengi.

Na wasituambie kwamba haiwezekani. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya 2015 inataka mkataba wa intaneti ya nyumbani uandike kasi ya chini kabisa, kasi ya kawaida na kasi ya juu. Ujerumani, tangu Desemba 2021, mteja anaweza kudai bei ishuke akionyesha vipimo 30 alivyofanya kwa siku 3 tofauti na programu ya mamlaka yenyewe. Uingereza, tangu 2018, kasi ya kwenye tangazo inapaswa kuwa ile ambayo angalau nusu ya wateja wanaipata saa mbili hadi saa nne usiku, saa ambazo watu wengi wako kwenye mtandao.

Kwetu pia sheria iko: sheria namba 20/017 ya 25 Novemba 2020 juu ya telekomu. ARPTC iko, tangu 2002. Na Leta ikitaka, mkono wake unafika mbali. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ya inchi nzima ilikatwa, na ilibaki imekatwa karibu siku 20. Tangu 2020 ikaja RAM: simu ya 3G au 4G ikakatwa hadi dola 7 kwa mwaka, yuniti zinatoka zenyewe, mpaka kelele za raia zikafanya ifutwe 2022. Leta iliyoweza kuhesabu simu moja moja mfukoni mwetu, inaweza pia kuhesabu mega zinazofika nyumbani kwetu.

Tunadai mambo matatu. Moja: kila mkataba uandike kasi ya chini kabisa, si «hadi» peke yake. Mbili: ARPTC itangaze kila miezi 3 vipimo vya kila sosiete, muji kwa muji, na kipimo cha saa ya jioni kikae pembeni. Tatu: kasi ikishuka chini ya ile iliyoandikwa, mwezi ule mteja alipe kidogo, bila kupiga foleni kuomba.

Lakini tusikae tukingojea. Malalamiko bila namba wanayaita kelele. Kila mtu aliye na intaneti ya mwezi nyumbani afanye hivi:

- Unga ordinateri kwenye modemu kwa waya. Funga vyote vingine vinavyotumia koneksio.
- Pima asubuhi, saa sita na saa mbili usiku, kwa siku 7.
- Andika tarehe, saa, kasi ya kupakua, kasi ya kutuma na ping. Piga picha ya skrini.
- Pima na programu mbili. Ile inayopima mpaka kwenye seva ya sosiete yenyewe inaweza kuonyesha namba nzuri sana, wakati njia ya kwenda inje imejaa.
- Ukitumia kipimo cha M-Lab, matokeo yanawekwa wazi kwa wote pamoja na anwani yako ya IP. Ujue hilo mbele ya kubonyeza.
- Usipime na mega za simu. Kipimo kinazikula.
- Chunga faktire na picha ya tangazo.

Kiisha tukutane kartie kwa kartie, tuunganishe madaftari. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mukongomani haki ya kuandikia wakubwa petisio, peke yake ao pamoja na wengine. Tutaipeleka pamoja, na namba zetu ndani.

Mwanafunzi anayekosa kutuma dosie yake siku ya mwisho, kijana anayepoteza kazi ya mbali juu sauti inakatika, hao hawarudishiwi kitu. Pesa walilipa yote. Mama wa mafuta anapimiwa bidoni yake kila siku. Na hawa pia wapimiwe.

Daftari linaanza leo jioni, saa mbili.