Taa tatu na vitelezi kumi na viwili
Kwa wanaofungua televisheni ndogo ya mtandaoni Masasi au Newala, ushauri wangu ni huu: mkishanunua kamera, msikimbilie kidhibiti cha taa chenye skrini na vitufe mia. Studio ya chumba kimoja inahitaji taa tatu: ya mbele, ya kupunguza kivuli na ya nyuma. Taa ya LED ya kawaida hutumia chaneli moja ya mwangaza, pengine na ya pili ya rangi, basi kidhibiti cha DMX chenye vitelezi 12 vya kusukuma kwa kidole kinatosha na kusaza. Mfumo huo wa kuongoza taa kwa waya, DMX512, ulibuniwa Marekani mwaka 1986, na laini moja hubeba hadi chaneli 512, kwa hiyo hata mkikua hamtatupa nyaya. Swichi ya ukutani ya kupunguzia mwanga wa sebuleni iacheni huko huko. Umeme wetu ni wa hezi 50, na LED ikipunguzwa vibaya jicho halioni kitu, ila kamera inanasa mistari inayotembea. Jaribuni pale pale dukani: shusheni mwanga hadi robo, elekezeni kamera ya simu, tazameni. Na hiyo taa ya nyuma msiifanyie ubahili. Mchongaji wa Kimakonde mwenye ngozi nyeusi akikaa mbele ya pazia jeusi, kinyago cha mpingo mkononi, kinachomtenga na giza ni ule mwanga mwembamba begani. Upandisheni kidogo kidogo, macho kwenye monita, hadi alama za patasi zionekane.