Wavu Mbele ya Gari: Tupambe, Lakini Injini Ipumue

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Methali hiyo yafaa kukumbukwa na kila askari na kila polisi wa hapa Bujumbura mwenye gari lake mwenyewe, hasa anapofikiria kung'oa grili ya plastiki iliyo kati ya taa za mbele na kuweka wavu wa waya mahali pake. Kazi hiyo mtu aweza kuifanya uani kwake siku ya mapumziko, kwa mkasi wa bati, tupa na keekee. Wapo wanaoicheka na kuiita mchezo wa vijana. Sisi hatumo katika kundi hilo. Tunaiona kuwa ni kazi ya manufaa, inayookoa fedha na kuufundisha mkono, mradi mwenye kuifanya ajue kwanza kwa nini grili iliwekwa pale.

Grili haikuwekwa kwa ajili ya sura peke yake. Nyuma yake imekaa rejeta, ambamo maji ya moto yatokayo kwenye injini hupoozwa na hewa. Basi grili ina kazi mbili: kuipitisha hewa, na kuyazuia mawe, majani na wadudu. Kazi hizi mbili zinavutana. Wavu wenye matundu madogo huzuia uchafu mwingi, lakini huzuia na hewa pia. Wenye matundu makubwa hupitisha hewa, lakini na kijiwe hupita nayo. Hapo ndipo busara inapohitajika.

Sisi wa majeshi tunayo mifano ya kutosha katika jambo hili. Land Rover ya kwanza, iliyotolewa Uingereza mwaka 1948, ilikuwa na wavu wa waya mbele, na hata taa zake zilikaa nyuma ya wavu huo. Waliouweka walikuwa wanatengeneza gari la shambani, na wavu wenyewe ulikuwa na matundu mapana. Kabla ya hapo, mwaka 1942, askari wa Uingereza wa kikosi cha SAS waliokuwa wakipigana katika jangwa la Afrika Kaskazini walivikata vyuma vingi vya grili za jipu zao ili hewa iingie kwa wingi zaidi. Watu ambao uhai wao ulitegemea injini walichagua kuifungulia njia ya hewa, wala hawakujali jipu lilibaki na sura gani.

Huenda msomaji akasema kwamba Bujumbura si jangwa. Ni kweli, lakini tunayo milima. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita zipatazo 774 juu ya usawa wa bahari. Ukiifuata Barabara ya Taifa namba 1, baada ya kilomita takriban 35 unafika Bugarama, mahali palipo juu zaidi ya mita 2,000. Kadiri tunavyopanda, ndivyo maji yanavyochemka mapema zaidi: kando ya ziwa maji yaliyo katika sufuria wazi huchemka kwenye nyuzi joto 97 hivi, na huko juu kwenye nyuzi 93 hivi. Kifuniko cha rejeta kinachobana sawasawa huyashindilia maji ili yasichemke upesi, lakini hakiwezi kufanya kazi ya hewa iliyozibiwa njia. Tena, katika mlima ule gari hutambaa nyuma ya lori kwa gia ndogo. Injini inatumika kwa nguvu zote, na upepo wa mwendo ni haba.

Kwa hiyo gari lililozunguka Rohero na Ngagara mwezi mzima bila dosari laweza kuchemka siku ya kwanza lipandapo Bugarama. Aliyekuwa akiwahi zamu yake Kayanza atachelewa, na wenzake watasubiri. Aliyewapakia watoto wake atasimama kwenye kona, huku malori yakiteremka upande wa pili pamoja na waendesha baiskeli waliobeba ndizi na makaa. Kuharibika kwa injini ni hasara. Kusimama mahali pale ni hatari. Na yeyote atakayefikwa na hali hiyo asifungue kifuniko cha rejeta kabla injini haijapoa, kwani maji yale yatamrukia usoni.

Hesabu ya wavu ni rahisi. Waya wenye unene wa milimita 1 ukisukwa kwa matundu ya milimita 1, ni robo tu ya uso wa wavu inayobaki wazi. Waya wa unene ule ule ukisukwa kwa matundu ya milimita 9, asilimia 81 ya uso wake hubaki wazi. Kwa macho ya mpita njia nyavu hizi mbili zaweza kupendeza sawasawa. Kwa injini tofauti yake ni kubwa mno. Wavu wa kuzuia mbu dirishani, basi, haufai kabisa mbele ya gari. Hata kama ungepitisha hewa siku ya kwanza, vumbi na wadudu wa bonde la Imbo wangeuziba baada ya siku chache.

Atakayeamua kuifanya kazi hii na aifanye kwa utaratibu. Achague wavu mgumu usiopinda kwa upepo, na apime mara mbili kabla ya kukata. Avae glavu na kuyakinga macho. Ncha zote za waya azikunje kwa ndani na kuzilainisha kwa tupa, kwa maana ncha iliyochomoza humchana mtoto anayepita karibu na gari lililosimama tu. Wavu usiguse mapezi ya rejeta, bali uachiwe nafasi, na ushikiliwe kwa skrubu zinazofunguka ili uweze kusafishwa. Namba ya gari isifunikwe. Katika magari mapya zaidi, atazame kwanza kama pana kamera au vifaa vya kupima umbali nyuma ya grili, asije akavifumba. Akikwama, mafundi wa Buyenzi wapo; kumwuliza fundi si aibu. Baada ya hapo alijaribu gari kwenye mlima mfupi, huku akiutazama mshale wa joto.

Lipo jambo moja ambalo hatuna budi kulisema waziwazi. Haya yote yanahusu gari la mtu binafsi. Gari la kikosi ni mali ya umma, na dereva aliyekabidhiwa hana ruhusa ya kulibadilisha hata skrubu moja kwa kupenda kwake. Akiona mawe yanaipiga rejeta, apeleke taarifa kwa mkuu wake wa magari. Vivyo hivyo, haifai gari la nyumbani lipewe uso wa gari la doria kwa vyuma na nyavu za kutisha. Raia anayelikuta usiku hatajua anasimamishwa na nani, na heshima ya sare itapotea kwa kosa lisilo la sare.

Ni matumaini yetu kwamba ndugu zetu wa jeshi na wa polisi watakaochukua mkasi mwishoni mwa juma wataanza kwa kufungua boneti na kuitazama rejeta, kisha ndipo wachague wavu. Wakifanya hivyo, watakuwa na gari lenye sura waliyoitaka, nalo litawafikisha Bugarama na kuwarudisha nyumbani.