Umefanyiwa upasuaji wa tezi dume? Fuatilia majibu ya maabara

Januari 2024, Mfalme Charles III wa Uingereza alilazwa London kutibiwa tezi dume iliyotanuka. Februari 5, Kasri la Buckingham likatangaza kuwa ana saratani, ingawa siyo ya tezi dume. Tatizo hilo lilianza kuonekana wakati wa matibabu yale.

Kuingia hospitali kwa jambo moja na kukutwa na jingine siyo mambo ya wafalme tu. Wapo wanaume wanaofanyiwa upasuaji wa tezi iliyotanuka, halafu nyama iliyotolewa inakutwa na saratani ya tezi dume yenyewe.

Inagundulikaje?

Wengi wao hawakuwa na wazo la saratani. Shida ilikuwa mkojo: unatoka kwa kujikamua, unamwamsha mtu usiku mara kadhaa, au umeziba kabisa hadi akawekewa mpira. Daktari hupitisha kifaa kwenye njia ya mkojo na kukwangua nyama inayobana, au hupasua chini ya kitovu na kuitoa.

Nyama hiyo siyo takataka. Inahifadhiwa kwenye fomalini, inapelekwa maabara, inakatwa vipande vyembamba sana na kuangaliwa kwa hadubini. Macho matupu hayatoshi. Hata kipimo cha damu cha PSA kinaweza kupanda kwa sababu ya kutanuka tu.

Ikikutwa, siyo mwisho

Wataalamu huangalia imeenea kiasi gani. Ikiwa kwenye 5% ya nyama hiyo au pungufu, huitwa T1a. Ikizidi hapo ni T1b. Pia hupima ukali wake kwa alama za Gleason. Iliyo ndogo na ya taratibu inaweza kufuatiliwa kwa vipimo tu, bila dawa. Iliyo kali inahitaji vipimo zaidi na matibabu mapema.

Pengo liko wapi?

Mgonjwa akishakojoa vizuri, anaona kapona. Majibu yanachukua siku au wiki, na yeye kesharudi nyumbani. Karatasi inabaki kwenye faili, na kama ilikuwa na habari mbaya, muda wa kutibu mapema unapotea kimyakimya.

Na majibu safi nayo yasikupe usingizi wa moja kwa moja. Takriban 70% ya saratani za tezi dume huanzia sehemu ya nje ya tezi, wakati upasuaji huu hutoa nyama ya ndani. Sehemu ya nje unabaki nayo, kwa hiyo muulize daktari utaendelea kupima lini.

Kabla ya kuruhusiwa, wewe au ndugu anayekuuguza ulizeni haya: nyama imepelekwa maabara ipi, majibu yanatoka lini, na nani atatusomea? Andikeni kwenye simu. Tarehe ikifika, rudini.