Klozapini: tunaogopa damu, tunasahau tumbo

Klozapini, dawa ya skizofrenia, hutajwa kama dawa ya kuogopwa. Hofu hiyo ina chanzo: mwaka 1975, huko Ufini, wagonjwa kadhaa waliokuwa wakiitumia walifariki baada ya chembe nyeupe za damu kushuka mno. Lakini mwaka 1988 John Kane na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa wa skizofrenia ambao dawa nyingine zilishindwa kuwasaidia. Ndani ya wiki 6, asilimia 30 walipata nafuu kwa klozapini, dhidi ya asilimia 4 kwa klopromazini, dawa ya zamani. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Klozapini haizuii dopamini kwa nguvu kama dawa za zamani, na hugusa serotonini pia, hivyo ni nadra misuli ya mgonjwa kukakamaa.

Wapo watakaouliza: kwa nini kumpa mtu dawa inayoweza kumuua? Kwa sababu hatari ya damu hupimika. Kipimo cha kila wiki katika miezi ya mwanzo huonyesha mapema chembe zikianza kupungua, na dawa husitishwa. Kinachoniumiza ni kwamba tumekazia macho damu tukasahau tumbo. Klozapini hupunguza mwendo wa utumbo. Choo kigumu kinachodharauliwa kinaweza kuishia kwenye utumbo kuziba, na watu wamekufa hivyo. Tena kuna unene na kisukari. Muuguzi anayechukua damu amuulize mgonjwa palepale alienda choo lini mara ya mwisho, na asimwachie kabla ya kumpima uzito na sukari.